Risasi Zilizoingia Maji Kweli: Watu Wasio na Majina Nyuma ya Vita ya Newala

Ukifika Newala ukamwambia dereva wa bodaboda akupeleke sehemu nzuri ya kupiga picha, hatakuuliza mara mbili. Ni Shimo la Mungu. Unasimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ardhi inakatika ghafla kama imepigwa panga, na chini kabisa unaliona bonde la mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Jua la saa kumi na moja jioni, upepo, status tatu nne, hujutii bando.

Sasa mimi bwana nina tatizo moja, nawaharibia watu picha kwa historia. Mnivumilie.

Mwishoni mwa Novemba 1917, kutoka juu ya uwanda huuhuu, jeshi la Wajerumani liliteremka kuelekea Ruvuma na kuliacha koloni lao. Walikuwa Wazungu kama 300, askari Waafrika kama 1,700, na wapagazi na watu wengine kama 3,000. Kinachoshangaza ni hiki: mwezi mmoja tu kabla ya hapo walikuwa wamewapiga Waingereza vibaya sana kwenye njia hiihii ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Sasa mshindi anakimbiaje?

Jibu fupi ni risasi. Jibu refu ndiyo stori ya leo, na mastaa wake hawana majina. Ni watu waliokaa chini miezi na miezi wakisafisha na kukagua risasi, moja baada ya moja, na wengine waliozibeba kichwani. Tukiongelea Vita ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu, jina linalotajwa kila mara ni la kamanda, Paul von Lettow-Vorbeck. Nimtaje na mimi, kwa sababu habari nyingi za risasi hizi zinatoka kwenye kitabu chake cha kumbukumbu. Halafu tumsogeze pembeni kidogo, ana mashabiki wa kutosha.

Ili tuielewe Newala ya 1917 inabidi twende kwanza mbali nayo, pwani ya Tanga, Aprili 1915.

Vita ilianza Agosti 1914. Waingereza wakaifunga bahari kwa meli zao za kivita, na koloni la Wajerumani halikuwa na kiwanda cha risasi. Yaani walichonacho ndicho hichohicho, kikiisha kimeisha. Askari wengi walikuwa na bunduki za modeli ya 1871, zinazotumia baruti nyeusi ya kizamani. Novemba 1914 Waingereza waliivamia Tanga na wanajeshi kutoka India, wakachapwa, wakakimbilia melini na kuacha bombomu 16 (zile bunduki za rashasha) na risasi zaidi ya nusu milioni. Hiyo ilikuwa zawadi. Lakini huwezi kupigana miaka minne kwa kutegemea zawadi za adui. Au ndivyo ungedhani. Tutarudi hapo.

Basi Ujerumani ikatuma meli ya kuvunja kizuizi. Jina lake Rubens, ila ilijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Tarehe 14 Aprili 1915 ikafika karibu na Tanga, na manowari ya Kiingereza Hyacinth ikawa inaisubiri. Nahodha akakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, akaruhusu maji yaingie ndani ili shehena isilipuke kwa moto. Mbao za juu zikawaka. Waingereza wakaona moshi na miali ya moto, wakajua habari imekwisha, wakaondoka zao.

Haikuwa imekwisha. Kazi ya kuopoa mzigo ikaanza, bunduki zikatoka, na masanduku kwa masanduku ya risasi yakatoka. Tatizo ni kwamba yalikuwa yamelowa maji ya chumvi.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu mtu yeyote wa Kusini akisikia "risasi" na "maji" kwenye sentensi moja, anajua tunakokwenda. Mwaka 1905, miaka kumi kabla ya meli hii, watu wa kuanzia Matumbi hadi Songea walikunywa na kunyunyiziwa dawa wakiamini risasi za Mjerumani zitageuka maji. Masasi iliguswa. Misheni ya Waanglikana ilichomwa moto Agosti mwaka huo. Risasi hazikugeuka maji. Watu walikufa kwa risasi, halafu wengi zaidi wakafa kwa njaa baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Tangu hapo watu wamekuwa wakiisimulia Maji Maji kama vile babu zetu walikuwa wajinga.

Miaka kumi baadaye, safari hii kweli, risasi za Mjerumani ziliingia maji. Na zikagoma kulia. Simaanishi kwamba dawa ilichelewa kufanya kazi. Nasema tu kwamba kuna Wajerumani walikaa mezani mwaka 1915 wakiziangalia risasi zilizoharibiwa na maji, na ningependa kujua kama kulikuwa na fundi mmoja Mwafrika pembeni yao aliyekumbuka 1905 akatabasamu kimoyomoyo.

Sasa tuingie ufundi, msiogope. Kile tunachokiita risasi ni vitu vinne. Kuna ganda la shaba, ambalo ndilo chombo chenyewe. Ndani yake kuna baruti. Mkiani kuna fataki, kile kidude kidogo kinachogongwa na bunduki na kutoa cheche. Na mbele kuna kichwa cha risasi, kile kinachoruka. Wazee wanaotumia gobore wanavijua vitu hivi kwa mkono, kwa sababu wao wanavitia kimoja kimoja: baruti, kisha kitambaa, kisha chuma, mwisho fataki. Risasi ya kisasa imevifunga vyote pamoja ili wewe usifikirie.

Ukiitumbukiza kwenye maji ya chumvi ndipo unalazimika kufikiria. Maji yanapenya taratibu pale ganda linapokishika kichwa, na pale fataki ilipokaa. Fataki ikilowa haitoi cheche. Baruti ikilowa inaungua vibaya, au haiungui kabisa. Chumvi inakula shaba na kuacha ule ukungu wa kijani. Na mbaya kuliko yote, risasi mbili zilizokaa sanduku moja hazilowi sawasawa. Moja iko salama kabisa. Jirani yake imekufa. Ya tatu iko katikati, na hiyo ya katikati ndiyo ya kuogopa zaidi. Inaweza kuchelewa: unavuta, inalia tik, unashusha bunduki uangalie kuna nini, ndipo inalipuka. Au inalipuka kwa nguvu ndogo mno, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, na ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unaweza kupasukia usoni mwako.

Wanaolenga shabaha kwa michezo leo, wale wanaojitengenezea risasi zao wenyewe huko Marekani na Ulaya, wanalijua hili hadi kupitiliza. Wanapima uzito wa kila kichwa cha risasi kwa mizani ya umeme. Wanakizungusha waone kama kinayumba. Wanapima unene wa shingo ya ganda. Baruti wanaihesabu karibu punje kwa punje. Ukiwauliza wanatafuta nini, hawakwambii wanatafuta risasi kali. Wanatafuta risasi zinazofanana. Risasi dhaifu ambayo iko vilevile kila siku unaweza kuizoea, unarekebisha shabaha na maisha yanaendelea. Risasi inayobadilika tabia kila mara huwezi kuizoea kamwe. (Kama ex wako, lakini tuyaache hayo.)

Kwa hiyo mzigo wa Manza ukaingia mezani. Kwa miezi, Wazungu na Waafrika kwenye karakana walikuwa wakifungua risasi, wakisafisha na kukausha baruti, na nyingine wakizitia fataki mpya, kisha kuzifunga tena. Fikiria hiyo kazi. Kwenye simu yako kuna kazi ndogo ndogo zinazokuchosha baada ya dakika kumi. Hawa walishika kitu chenye urefu wa kidole, chenye baruti ndani, wakakifungua bila kukilipua, wakakifunga bila kukipinda, halafu wakachukua kingine. Na kingine. Kosa moja na vidole vimekwenda. Makamanda wameandika vitabu na waandishi wa vita wameandika vitabu. Aliyeshika fataki kwa kucha hajaandika, na hakuna aliyemuuliza.

Baada ya kusafisha ikaja sehemu ninayoipenda, ya kukagua. Hapa kuna mtego ambao hauepukiki. Unajuaje risasi hii ni nzima? Ifyatue. Ikilia, ilikuwa nzima, na sasa huna. Ukiipima umeitumia. Kwa hiyo kilichowezekana ni kuzigawa kwa mafungu, kufyatua chache kutoka kila fungu, kuhesabu zilizogoma, kisha kulipa fungu zima cheo chake. Ni mbinu ileile ya mama sokoni anayetoboa gunia la mchele kwa kibambo, anaangalia punje kiganjani, anajua gunia zima limekaaje.

Vyeo vyenyewe, kwa mujibu wa kamanda, vilikuwa hivi. Risasi za zamani, zile ambazo hazikuwahi kuona bahari, zilitengwa kwa ajili ya bombomu. Zilizosafishwa ambazo kama asilimia 20 ziligoma zilikwenda vitani kwa askari wa kawaida. Na mafungu mabaya, yale yaliyogoma hadi asilimia 60 na zaidi, yaliwekwa kwa ajili ya mazoezi.

Kwa bombomu sababu iko wazi. Inajilisha yenyewe: nguvu ya risasi moja kulipuka ndiyo inayoingiza inayofuata. Moja ikigoma, mashine nzima inakaa kimya mpaka mtu aivute kwa mkono, na hizo sekunde mbili tatu adui naye ana akili. Sawa.

Lakini hebu iangalie asilimia 20 kutoka upande wa askari. Bunduki ya Mauser ya kisasa ya wakati ule ilibeba risasi tano. Moja kati ya tano inagoma. Ukipiga hesabu, uwezekano wa zote tano kulia bila tatizo ni kama theluthi moja tu. Yaani mara mbili kati ya tatu askari anayejaza bunduki yake atasikia tik angalau mara moja kabla hajajaza tena, huku mwenzake wa upande wa pili anamlenga. Na hilo ndilo fungu lililopewa jina la zuri, la kupelekwa vitani. Kuruta aliyefundishwa kwa fungu la mazoezi alikuwa anasikia tik mara tatu kati ya tano. Labda ilimfundisha kutotikisika. Labda ilimfundisha kuichukia bunduki.

Na mpagazi? Hapa ndipo hesabu iliponishika koo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama kilo 25 hivi. Sanduku la risasi zenye asilimia 20 za kugoma maana yake ni kwamba karibu kilo tano za mzigo wake ni chuma kisicho na kazi. Anapanda vilima, anavuka mito, anatembea na njaa, na moja ya tano ya kinachomvunja shingo haitalia hata ikigongwa na nyundo. Hakuna aliyeweza kumwambia ni zipi azitupe, kwa sababu ukizijua ni zipi basi tayari umezifyatua.

Machi 1916 mambo yakahamia kwetu Kusini. Meli ya pili, Marie, ilipita kizuizi na kuingia ghuba ya Sudi, kule kusini ya Lindi. Hii haikulowa. Na aliyeipanga alikuwa na akili: mzigo ulikuja umeshafungwa kwa kipimo cha kichwa cha mtu. Hakuna reli Sudi, hakuna lori, kuna watu tu. Ukaingia bara kwa miguu ya wanakijiji waliokusanywa, maelfu yao. Mizinga, risasi, dawa, na hata nishani za kuwavalisha mashujaa. Nishani zilibebwa na watu ambao hawakuwa kwenye orodha ya nishani.

Kati ya 1916 na 1917 nitapita haraka. Waingereza, Wabelgiji na majeshi kutoka Afrika Kusini, India, Nigeria na Kenya waliwasukuma Wajerumani kutoka kaskazini hadi kusini. Dar es Salaam ikaanguka, Tabora ikaanguka. Tabora ina kisa chake kitamu: mwaka huo 1916 Wajerumani waligonga sarafu kwenye karakana ya reli, na shaba ya senti zile za heller 20 ilitoka kwenye maganda ya mizinga na vyuma chakavu. Ganda likishalia linakuwa pesa. Newala nayo ilitekwa na Wareno kutokea Msumbiji Oktoba 1916, na Novemba hiyohiyo wakatimuliwa wakaacha silaha zao. Zawadi nyingine hiyo.

Oktoba 1917 vita ikafika barabara ya Lindi–Masasi. Ukipanda basi leo kutoka Lindi kwenda Masasi unapita Mtama, unapita Nyangao, unafika Ndanda. Karibu na Nyangao kuna Mahiwa. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba hapo palikuwa jehanamu. Waingereza, wengi wao askari wa Nigeria, Wahindi na wa King's African Rifles, walipoteza zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa. Wajerumani walipoteza mamia tu. Kwa hesabu ya uwanjani, Wajerumani walishinda.

Kisha wakafungua masanduku.

Risasi zisizotoa moshi, zile za bunduki za kisasa, zilikuwa karibu zimekwisha. Kilichobaki kwa wingi kilikuwa risasi za modeli ya 1871. Na hapa kuna jambo ambalo mtu yeyote mwenye simu atalielewa. Una chaja nne ndani ya nyumba na simu yako haiingii hata moja. Jeshi hili lilikuwa na bunduki za Kijerumani za kisasa, za Kijerumani za kizamani, za Kiingereza walizoteka, na kila moja ina risasi ya ukubwa wake. Ile ya 1871 ilikuwa nene, milimita 11. Huwezi kuisukumiza kwenye bunduki ya milimita 7.9. Kwa hiyo kuhesabu "tuna risasi ngapi" hakutoshi, swali ni "tuna risasi ngapi zinazoingia".

Zaidi ya hapo, bunduki ya 1871 inatoa wingu la moshi mweupe kila ikilia. Kwenye vichaka vya uwanda wa Makonde, ambako unaweza kupita hatua kumi kutoka kwa mtu usimwone, moshi ule ni sawa na kutuma location. Unapiga mara moja, bombomu ya adui inajua uko wapi.

Wakapanda juu ya uwanda, Chiwata, halafu Nambindinga. Maji ni shida huko juu, wenyeji wa Newala hawahitaji kuambiwa na mimi, na chakula cha wakulima kilikuwa kimeshaliwa na majeshi mawili kwa zamu. Tarehe 17 Novemba 1917, Nambindinga, kamanda akafanya uamuzi ambao yeye mwenyewe anauelezea kuwa mzito kuliko mingine. Akaangalia risasi zilizopo, kama laki nne, nyingi zikiwa za bunduki za kizamani, akaangalia chakula, akauliza: hizi zinatosha watu wangapi?

Soma tena swali hilo. Hakuanza na watu akatafuta risasi. Alianza na risasi akatafuta watu. Jibu likawa bunduki kama 2,000, na Wazungu wasiozidi 200 hivi. Wengine wote wabaki.

Kwa hiyo ule ukaguzi uliofanyiwa risasi za Tanga mwaka 1915 ukafanyiwa binadamu mwaka 1917 juu ya uwanda wa Makonde. Nani yuko imara, nani ana homa, nani amejeruhiwa, nani atagoma njiani. Mafungu. Mamia ya Wajerumani na askari waliachwa Nambindinga na vituo vingine mikononi mwa Waingereza, wakiwemo wagonjwa na majeruhi, lakini wakiwemo pia wazima ambao hawakuwa na risasi za kuwatosha. Kuna waliolia kwa kuachwa, na sishangai. Na kuna wapagazi ambao nadhani walishukuru Mungu kimyakimya.

Wakati hayo yanaendelea, huko Ulaya kulikuwa na mpango ambao ukiuweka kwenye filamu watu watasema mwandishi kazidisha. Tarehe 21 Novemba 1917 ndege-puto kubwa ya Wajerumani, zeppelin L59, yenye urefu wa mita 226, ilipaa kutoka Jamboli, Bulgaria. Safari yake ni wapi? Uwanda wa Makonde. Newala na jirani zake! Ndani ilikuwa na tani kama 15 za mzigo: risasi zaidi ya 300,000, dawa, bandeji. Haikupangiwa kurudi. Ikishatua, ingechanwa yenyewe: kitambaa chake kiwe mahema na nguo, mifupa yake ya chuma iwe mlingoti wa redio. Ikavuka Mediterania, ikavuka jangwa la Misri, ikaingia Sudan. Tarehe 23 Novemba, magharibi ya Khartoum, ikapokea ujumbe wa redio kwamba uwanda umepotea, rudi. Ikageuka. Ilikaa angani saa 95 bila kutua, kama kilomita 6,800, na risasi zake zote kavu kabisa, hakuna hata moja iliyoona maji.

Najiuliza bibi mmoja wa Newala angesemaje siku ile kama kitu cha mita 226 kingetokea juu ya shamba lake la mtama.

Kilichotokea badala yake ni kwamba wale waliochaguliwa walipita Newala, wakaacha wengine tena, wakateremka kwenda Ruvuma. Tarehe 25 Novemba wakavuka mto maji yakiwafika kifuani, karibu na Ngomano, mahali mto Lujenda unapoingia Ruvuma, na kuvamia kambi ya Wareno siku hiyohiyo. Kamanda wa Wareno, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa. Ndani ya kambi kulikuwa na bunduki mpya, bombomu, na risasi robo milioni. Jioni hiyo zaidi ya nusu ya askari wakabadilisha silaha. Bunduki za 1871 na moshi wake wakazitupilia mbali. Baada ya miaka miwili na nusu ya kusafisha, kukausha, kupima na kuhesabu, dawa ya tatizo ilikuwa ileile ya Tanga 1914, yaani kumnyang'anya adui.

Kundi jingine la Wajerumani, lililokuwa likitoka Mahenge chini ya Kapteni Theodor Tafel ili kuungana nao, lilifika eneo hilo likawakosa kwa umbali mdogo sana. Halina chakula, halijui wenzao wako wapi. Tarehe 28 Novemba likajisalimisha. Ngomano ilikuwa imeshavunjwa siku tatu kabla.

Waliovuka waliendelea kupigana mwaka mzima. Walipoweka silaha chini Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, Waingereza walihesabu kila kitu: bunduki 1,071, za Kiingereza na Kireno. Bombomu 37. Risasi 208,000. Mzinga mmoja wa Wareno. Hesabu hiyo imehifadhiwa hadi tarakimu ya mwisho. Upande wa wapagazi hesabu ni za kukisia. Kwa Waingereza peke yao inatajwa kama 95,000 waliokufa, wengi kwa magonjwa na njaa, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama Kariakoo, tunakokwenda kununua viatu. Wa upande wa Wajerumani hawana hata soko. Na yule askari wa shaba pale Posta, aliyesimama na singe tangu 1927, tunayepeana miadi chini yake, yeye pia sura tu, hana jina.

Nimalizie na la muhimu kwa wanaokwenda Masasi na Newala likizo hii. Ukiwa shambani kwa mjomba, au unapita njia ya Chiwata, ukaokota ganda kuukuu lenye ukungu wa kijani na kichwa chake bado kipo, usiligonge, usilitie moto, usiliweke kwenye begi ukapande nalo basi ili uje kuonyesha washkaji. Liache lilipo, mwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi. Risasi iliyogoma 1917 iligoma siku ile tu.